Gia boksi haina taa: fungua bolti utazame

Kwanza naomba radhi. Niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na badala yake leo nimekuja na mikono yenye grisi. Mliokuja kutafuta msimbo mnaweza kuruka makala hii, ingawa nadhani mtajikuta humu vilevile. Ninachotaka kusema ni lalamiko la mtu anayekula kwa kuandika programu: katika gari la zamani lenye gia za mkono kuna mfumo mmoja muhimu usiotoa ripoti yoyote. Hauna taa kwenye dashibodi, hauna geji, na katika magari mengi hauna hata kijiti cha kupimia. Sisi wenye magari tumekubaliana kimyakimya kuusahau. Ni oili ya gia boksi.

Gari ninalozungumzia ni Toyota Corolla, lile watu wanaloliita 110, gia tano za mkono. Lilikuwa la baba, mwalimu wa shule ya msingi, na ndani yake ndimo nilimojifunzia kuendesha, kwenye njia ya vumbi ya kutoka Tarasaa kwenda Ngao, baba akishika breki ya mkono kama mtu anayeshika tasbihi. Alipofariki mwaka 2019 gari likabaki nyumbani kwa mama. Mimi nafanya kazi Mombasa, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza programu za mahesabu ya maduka, na hupanda nyumbani mara moja au mbili kwa mwezi. Nikiwa sipo, binamu yangu hulitumia kupeleka maembe Garsen.

Kwa asiyejua huko: Garsen iko kama kilomita 110 kutoka Malindi, kwenye barabara iendayo Hola na Garissa. Ukifika Minjila, barabara ya Lamu inachepuka kuelekea Gamba na Witu. Ardhi ni tambarare, udongo ni mweusi na unanata mvua ikinyesha, na katikati yake unapita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Mafuriko ya mto huu mara nyingi hayatokani na mvua ya kwetu. Mvua inanyesha huko Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mabwawa ya juu yanajaa, Masinga ikifurika maji yanateremka, na siku kadhaa baadaye mtu wa Garsen anaamka kwenye jua kali na kukuta maji mlangoni. Tatizo lilianza mbali, siku nyingine. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu kubwa anaujua mto wa aina hiyo.

Mwisho wa mwaka 2023, wakati wa mvua za El Niño, nilikuwa likizo ya Krismasi. Siku moja nikitoka Malindi na mizigo nilikuta maji yamekata njia ya kuingia kwetu, kama mita 150 hivi. Lori likapita. Probox ikapita, dereva akinipungia mkono. Nami nikapita. Maji yalifika juu kidogo ya katikati ya magurudumu, na mbele ya bampa kulikuwa na wimbi kama la mashua. Injini haikukohoa. Upande wa pili nilishuka, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha oili ya injini, nikaona oili ni safi, nikajipongeza. Gia boksi wala sikuifikiria.

Hakuna kilichotokea. Januari hakuna, Februari hakuna. Kama mwezi wa nne mwaka 2024 ndipo nikaanza kusikia sauti nyembamba kwenye gia ya tano, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta inapotea, ukikanyaga inarudi. Gia ya pili nayo ikaanza kukataa asubuhi, gari likiwa baridi. Nikapeleka gari gereji moja (jina nitaliacha, fundi ni mtu mwema na anafanya kazi kwa bidii). Akabadilisha oili ya injini, akaongeza maji, akatazama breki. Nikamuuliza, "Fundi, na gia boksi je?"

"Injinia, hiyo imefungwa tangu kiwandani. Haiguswi. Ukiigusa ndiyo unaanza kuileta matatizo."

Mimi kusema kweli nilifurahi kuitwa injinia. Shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, lakini kwetu ukishajua kurekebisha printa ya chifu wewe ni injinia wa kila kitu. Nikalipa, nikaondoka. Sauti ya mbu ikaendelea, nami nikafanya kile ambacho watu wengi hufanya: nikaongeza sauti ya redio.

Agosti mwaka huohuo nilikuwa nampeleka mama kliniki Malindi. Ana shinikizo la damu, na tarehe ya kliniki kwake ni kama tarehe ya mtihani. Huamka saa tisa usiku kupiga leso pasi. Tulipokaribia Marereni gia ya tano ikachomoka yenyewe. Nikairudisha, ikachomoka tena. Nikashuka hadi ya nne, tukaenda kama kilomita mbili, halafu chini ya miguu yangu nikasikia kitu kama mawe kwenye ndoo ya bati. Klachi inafanya kazi, injini inaunguruma, lakini gia haiingii wala haitoki. Nikasukuma gari pembeni. Jua lilikuwa limeshapanda, kushoto vichaka, kulia vichaka, na mama ameketi na mkoba wake mapajani bila kusema neno.

Tulingoja karibu saa mbili ndipo basi kutoka Garissa likasimama. Kiti kilikuwa kimoja. Akapanda mama peke yake. Kabla mlango haujafungwa akaniambia, "Gari lilikuwa likilia miezi yote hii, nawe unaliwekea muziki." Alifika kliniki ikiwa imekwisha kwa siku hiyo. Akapewa tarehe nyingine, na dawa alizokuwa nazo zilikuwa za siku nne. Tukakimbizana na maduka ya dawa. Namshukuru Mungu hakuna baya lililotokea, lakini hizo wiki mimi sikulala vizuri, na si kwa ajili ya gari.

Gari lilivutwa hadi Malindi. Gereji ya huko walipofungua bolti ya chini, kilichotoka hakikujaza chupa ya soda ya nusu lita. Gia boksi ya gari hili huchukua karibu lita 2. Na hicho kilichotoka hakikuwa na rangi ya oili, kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake chembe za chuma zinametameta kama rangi ya kucha. Beringi zilikuwa zimeliwa, gia ya tano imekwisha meno. Nikanunua gia boksi ya mitumba kutoka Mombasa, shilingi 28,000, na ufundi juu yake. Oili ya kujaza gia boksi nzima wakati huo nilinunua kwa chini ya shilingi 2,500. Fanya hesabu mwenyewe, mimi nimeshaifanya mara nyingi nikiwa kitandani.

Sasa tueleze kilichotokea, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Gia boksi inapofanya kazi inapata moto, na hewa iliyo ndani yake inatanuka. Ndiyo maana ina tundu dogo la kupumulia sehemu ya juu. Nilitoka Malindi nikiwa nimeendesha zaidi ya saa moja, gia boksi imechemka, halafu nikaitumbukiza ghafla kwenye maji. Chuma kikapoa, hewa ya ndani ikasinyaa, na gia boksi ikavuta pumzi. Ikavuta nini? Kilichokuwa karibu. Maji yalipita kwenye tundu hilo, au kwenye sili za shafti zinazokwenda magurudumuni, ambazo kazi yake ni kuzuia oili isitoke wala si kuzuia mto usiingie. Pamoja na maji likaingia tope laini la Tana, na tope likaanza kusaga midomo ya zile sili. Zikaanza kuvuja tone moja moja. Kwetu gari linalala juu ya udongo, si saruji, kwa hiyo tone linanywewa na ardhi na asubuhi huoni kitu.

Angalia hapo jinsi mambo yalivyo ya hila. Kama ningefungua bolti ya kujazia wiki ileile ya Krismasi, oili ingemwagika yenyewe kwa sababu maji yalikuwa yameongeza kiasi. Mtu asiyejua angesema, "Imejaa, funga." Kipimo kingefaulu na yaliyomo yangekuwa yameharibika. Kazini niliwahi kukutana na jambo lilelile: mteja mmoja alikuwa na nakala rudufu zikifanyika kila usiku, na kila asubuhi ujumbe wa kufaulu unaingia. Siku seva ilipokufa tukafungua faili, tukakuta zipo zote, tarehe sahihi, majina sahihi, ndani hazina kitu. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amefungua hata moja kutazama.

Kwa hiyo ninaposema kupima oili ya gia boksi simaanishi kiasi peke yake. Namaanisha kiasi, rangi, harufu, na kinachobaki kidoleni.

Jambo la pili. Gia boksi haichomi oili. Injini ya zamani inaweza kula oili kidogo ikapita kwenye ekzosi, lakini gia boksi haina mahali pa kuila. Ikipungua, imevuja. Ndiyo maana sipendi jinsi neno "kuongeza" linavyotumika kwenye gereji zetu. Fundi akikuta imepungua anaongeza, anafunga, anafuta mikono, na mteja anaondoka akiamini kitu kimetengenezwa. Ni sawa na sisi tunaowasha seva upya kila usiku kwa sababu kumbukumbu inavuja, kisha tunaiita hiyo suluhisho. Ongeza, sikatai, gari lisife leo. Lakini jitie chini ya gari na tochi ujue imetokea wapi: sili ya shafti ya kushoto au ya kulia, maungio ya kasha, au bolti yenyewe ambayo mtu aliikaza bila kubadilisha kipete chake laini.

Jambo la tatu, na hapa najua nitagombana na watu, ni ule usemi wa "oili ni oili". Nimeusikia Garsen, nimeusikia Mombasa, na hata kutoka kwa mtu mwenye digrii. Oili za gia zina madaraja. Kitabu cha Toyota hii kinataka uzito wa 75W-90, daraja la GL-4 au GL-5. Magari mengine yanataka GL-4 peke yake, na kuna sababu. GL-5 ina viungo vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya meno yanayokandamizana sana, kama ya difu za nyuma za malori. Ndani ya gia boksi ya mkono kuna vipete vya shaba vinavyosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na vipete hivyo vinahitaji msuguano kidogo ili vifanye kazi. Oili inayoteleza kupita kiasi inavinyima huo msuguano, na baadhi ya viungo hivyo huweza kuila shaba. Unaanza kusikia gia zinakwaruza, unamlaumu anayeendesha.

Wazee watakumbuka Peugeot 504, lile gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa likibeba abiria wa safari ndefu nchini. Mjomba wangu alikuwa nalo. Kitabu cha 504 kilitaka oili ya injini ndani ya gia boksi. Ndiyo, oili ya injini. Honda nyingi za zamani nazo zilikubali hivyo. Mafundi wangapi walimwaga oili nzito ya difu mle ndani kwa sababu "gia ni gia", sijui, ila mjomba alikuwa na desturi ya kusimama juu ya fundi akiwa na kitabu mkononi, na watu walimwona mkorofi. Leo namwona alikuwa mtu pekee kijijini aliyesoma maelezo ya mtengenezaji.

Haya, kazi yenyewe. Mimi huifanya mwanzo wa kila msimu wa mvua, na kila mara gari likipita kwenye maji yaliyofika katikati ya magurudumu. Haichukui nusu saa.

Gari lazima liwe sawa, mbele na nyuma. Ukiinua mbele peke yake oili inakimbilia upande mmoja na kipimo kinakudanganya. Gari langu liko chini lakini mkono unafika bila kuliinua nikilala ubavu. Kama lako halifiki, liinue magurudumu yote manne juu ya stendi za chuma, siyo jeki peke yake. Kwetu jeki inazama kwenye udongo mweusi kama kijiko kwenye uji, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake, na usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki tu hata kama fundi wenu hufanya hivyo kila siku. Zima injini, kaza breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Ngoja ipoe kidogo, oili ya moto inaunguza.

Tafuta bolti mbili. Ya chini kabisa ni ya kumwagia, ile iliyo juu zaidi ubavuni mwa kasha ni ya kujazia. Kwenye Toyota yangu zote ni spana namba 24. Futa vumbi na tope kuzunguka bolti kabla ya kuifungua, la sivyo utalisukumia ndani. Halafu, na hili ningependa liandikwe kwa rangi nyekundu: fungua ya kujazia kwanza. Nimemwona mtu Minjila aliyemwaga oili yote, kisha akagundua bolti ya juu imeshika kutu na haifunguki. Gari halina oili na hana pa kuitilia. Katika kazi yetu hiyo ni kufuta data ya zamani kabla ya kuhakikisha kwamba mpya inaweza kuingia.

Bolti ikikataa kwa spana sahihi, acha. Usiilazimishe kwa spana iliyolegea ukaviringa pembe zake. Peleka kwa mwenye soketi ya pembe sita na mpini mrefu.

Ikifunguka, oili inatakiwa iwe kwenye mdomo wa tundu, au chini yake kwa milimita 5 hivi, siyo zaidi. Ingiza ncha ya kidole, ukikunje kuelekea chini. Kidole kikitoka kikavu, imepungua. Kikitoka na oili, kitazame juani. Rangi ya asali au ya kahawia iliyokolea ni sawa. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, na hapo hakuna cha kuongeza, mwaga yote. Sugua kati ya vidole: unga laini wa kijivu kidogo ni wa kawaida kwa gari la umri huu, lakini ukihisi chembe zinazokwaruza, gia boksi inajila. Inuse pia. Ikinuka kuungua, imekwisha.

Kama gari limepita mtoni, kuna mbinu nyingine niliyofundishwa na fundi wa Malindi. Acha gari lilale usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi, ukishafungua ile ya juu, legeza ya chini taratibu mpaka ianze kutoa tone. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajachanganyika yatakuwa yametulia chini na ndiyo yatakayotoka kwanza. Mbinu nzuri sana, na imenifanya nimheshimu yule mzee kuliko walimu wangu wawili watatu wa chuo.

Kuongeza kwenyewe ni mchezo wa kuchosha kwa sababu tundu liko ubavuni na oili ya gia ni nzito. Mimi hutumia mpira wa nailoni wa mita moja na nusu, upande mmoja ndani ya tundu, upande mwingine naupandisha ndani ya boneti nikiufunga kwenye chupa ya maji iliyokatwa kitako. Unamimina polepole. Ikianza kumwagika kwenye mdomo wa tundu, subiri mpaka mwagiko uwe tone, kisha funga na kipete kipya. Usijaze kupita hapo ukidhani unaiongezea baraka, oili ya ziada itasukumwa nje kupitia sili na utakuwa umeanzisha uvujaji ambao haukuwapo. (Haya yote ni ya gia za mkono. Gari la gia za kujibadilisha lina taratibu zake, tusichanganye.)

Najua mtakachosema, kwa sababu rafiki yangu mmoja tunayefanya naye kazi ameshakisema: kila mtu na kazi yake, mwache fundi afanye ya fundi, nawe andika programu. Hoja hiyo ninaiheshimu. Fundi mzuri wa Garsen anasikia kwa sikio kitu ambacho mimi nisingekisikia kwa mitambo. Lakini fundi huliona gari siku moja kati ya sitini. Mimi, binamu yangu na mama ndio tunaolisikia kila siku. Mama, ambaye hajawahi kushika usukani, ndiye aliyeitambua ile sauti kuwa ni kilio, wakati mimi msomi naiita kelele.

Wengine watasema kama yule fundi wa kwanza, kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Hiyo nayo naijua vizuri. Kila ofisi ina programu moja ya zamani ambayo wote wanaizunguka kwa vidole vya miguu. Kutoibadilisha huenda ni busara. Kutoitazama ni kitu kingine kabisa. Na hili neno la "imefungwa tangu kiwandani" linanikera zaidi, kwa sababu kiwandani kwenyewe waliweka bolti ya kujazia na ya kumwagia. Kwa nini waziweke kama hawakutaka mtu afungue? Subaru nyingi za zamani hata zina kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kama cha injini. Mtu mmoja pale kiwandani alikaa akafikiri kwamba mwenye gari angependa kujua. Laiti wote wangefikiri hivyo.

Nimeweka daftari la shule la kurasa 32 kwenye kisanduku cha dashibodi. Kila anayegusa gari anaandika tarehe, kilomita, alichokiona, alichoongeza na kiasi chake. Binamu yangu alicheka mwanzoni, sasa anaandika hata bei ya maembe. Katika daftari hilo ndimo nilimoona kwamba kati ya ukaguzi wa mwezi wa tatu na wa mwezi wa kumi mwaka 2025 gia boksi mpya ilipungua kidogo, kama kikombe kimoja cha kahawa. Kidole kilitoka na oili safi. Nikalala chini na tochi nikakuta unyevu kuzunguka shafti ya kushoto, mwembamba, vumbi limeganda juu yake.

Nimeongeza, nimeandika, na nimeagiza sili Mombasa. Kliniki inayofuata ya mama ni tarehe 9, na ameniambia mapema kwamba redio haitawashwa kabla ya kupita Marereni. Sili ikifika kabla ya hapo nitaibadilisha na kuwaambia kama ndiyo iliyokuwa na hatia. Ile makala ya hifadhidata bado nadaiwa, sijasahau.